Utapiamlo Mkali wa Watoto Katika Maeneo ya Ukame na Vita: Kungoja Tangazo la Baa la Njaa ni Kuchelewa

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba baa la njaa limeingia katika maeneo mawili ya kusini mwa Somalia, Shabelle ya Chini na sehemu ya kusini ya Bakool. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 janga hilo liliua watu wapatao 258,000, na 133,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Karibu nusu ya marehemu hao walikuwa wamekwisha kuzikwa tangazo lilipotoka.

Miaka kumi na moja baadaye, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia vuli ya 2020, wataalamu walionya kwamba wilaya za Baidoa na Burhakaba zilikuwa ukingoni mwa baa jingine. Safari hii misaada iliongezwa na baa halikutangazwa, jambo lililopokewa kwa faraja, na kwa haki. Hata hivyo makadirio yaliyotolewa Machi 2023 yalionyesha kuwa mwaka 2022 peke yake ukame ulisababisha vifo 43,000 vya ziada nchini Somalia, na huenda nusu yake vilikuwa vya watoto wadogo. Watoto hao hawamo katika historia ya baa lolote la njaa, kwa kuwa kwenye makaratasi halikuwapo.

Sababu iko katika namna kipimo chenyewe kilivyoundwa. Mfumo wa IPC, unaotumika kimataifa kupanga hali ya chakula katika awamu tano, hauliiti eneo kuwa na baa la njaa mpaka angalau kaya moja kati ya tano ziwe zimekosa chakula kabisa, asilimia 30 ya watoto wawe na utapiamlo wa ghafla, na watu wawili katika kila watu 10,000 wawe wanakufa kila siku kwa njaa au kwa njaa ikichanganyika na maradhi. Sharti hilo la mwisho ni vifo vyenyewe, kwa hiyo kipimo kinathibitisha msiba uliokwisha kuingia nyumbani. Siwalaumu waliokitunga, kwani kipimo kilicholegea kingegeuzwa chombo cha siasa. Kosa ni la wafadhili, serikali na sisi wananchi tunaolifanya tangazo kuwa ndiyo ishara ya kuanza kazi.

Kwa mtoto wa mfugaji, dalili ya kwanza ni kuondoka kwa maziwa. Miongoni mwa Waturkana, Waborana, Wagabra, Warendille na Wasomali, maziwa ndiyo yanayombeba mtoto baada ya titi la mama. Nyasi zinapoisha karibu na boma, wanaume na vijana huihamishia mifugo fora, yaani malisho ya mbali na nyumbani, mbali sana wakati mwingine, nao akina mama, wazee na watoto wadogo hubaki karibu na kisima, shule au zahanati. Maziwa huenda na mifugo. Ng'ombe waliobaki hukauka mapema, mbuzi hufuata, na ngamia ndiye wa mwisho kukauka. Sokoni mambo hugeuka vilevile: kila mtu anauza mbuzi aliyekonda, bei ya mbuzi inaanguka, na bei ya unga inapanda. Mtoto aliyezoea kunywa maziwa asubuhi na jioni sasa anapewa uji mtupu usio na mafuta wala maziwa, au chai ya rangi ili alale. Tumbo limejaa, lakini mwili haujengwi.

Mama naye anatembea saa nyingi zaidi kutafuta maji, na mtoto mchanga huachwa na dada yake wa miaka minane au tisa. Titi linapatikana mara chache, na katikati mtoto anaonjeshwa maji ya kisima. Hapa kuna dhana inayoua: kwamba mama mwenye njaa hana maziwa. Mama aliyekonda, isipokuwa amedhoofika kupita kiasi, bado hutoa maziwa ya kumtosha mtoto wa chini ya miezi sita, mradi mtoto anyonye mara kwa mara. Anayehitaji chakula, maji na muda wa kukaa na mwanawe ni mama huyo.

Vita hukata njia zote ambazo familia ingezitumia kujiokoa. Mwaka 2011 Al-Shabaab ilizuia mashirika mengi ya misaada katika maeneo iliyoyatawala, na watu walitembea kwa siku nyingi kuelekea Mogadishu, au kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya na Dollo Ado nchini Ethiopia, wengine wakizika watoto njiani. Kaskazini mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, mapigano ya wizi wa mifugo hufunga shule na kuwakimbiza wauguzi, na kuna malisho mazuri yanayobaki bila kuguswa kwa kuwa hakuna anayethubutu kupeleka mifugo huko. Sudan imeonyesha kwamba hata ukame si lazima: vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 vilitosha kuleta baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa Al Fasher huko Darfur, lililothibitishwa Agosti 2024.

Ni vema ifahamike pia kwamba watoto wengi katika majanga haya huuawa na surua, kuhara, nimonia na malaria, maradhi ambayo mwenzao mwenye afya angeyashinda. UNICEF inakadiria kuwa mtoto mwenye utapiamlo mkali yuko katika hatari ya kufa hadi mara 11 zaidi ya mtoto mwenye lishe nzuri. Kambi ya wakimbizi wa ndani iliyofurika, yenye vyoo vichache na watoto wasiochanjwa, ndiyo mahali ambapo hatari hiyo hutimia. Kwa hiyo chanjo ya surua, matone ya vitamini A na maji safi ni sehemu ya tiba ya njaa sawasawa na chakula.

Utapiamlo wenyewe unaweza kugunduliwa nyumbani, wiki kadhaa kabla ya mtoto kufikia hali ya kupigwa picha za kuomba misaada. Chombo ni utepe wenye rangi tatu, unaopima mzingo wa mkono wa juu wa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano. Mtoto avuliwe nguo ya mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta katikati kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha uunyooshe mkono uning'inie wenyewe. Zungusha utepe hapo ukae juu ya ngozi bila kubana wala kulegea, halafu usome rangi katika dirisha dogo la utepe. Kuanzia milimita 125 kwenda juu ni kijani. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni manjano, yaani utapiamlo wa kadiri, na mtoto apelekwe kituoni aandikishwe. Chini ya 115 ni nyekundu, na safari ya kituoni ni ya siku hiyohiyo. Kosa la kawaida ni kuuvuta utepe mpaka ngozi ikajikunja, au kupima juu ya shati; yote mawili hubadilisha rangi.

Utepe huo unaweza kudanganya katika hali moja, nayo ni kwashakoo, utapiamlo unaovimbisha mwili. Mtoto mwenye uvimbe huonekana amenona, mashavu yamejaa, na jirani anaweza hata kumsifu mama yake. Bonyeza kwa vidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya nyayo, kwa sekunde tatu. Ukiondoa vidole na mashimo yakabaki katika miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali, utepe useme utakalosema.

Zamani mama aliyefundishwa kipimo hiki alionekana ameingilia kazi ya muuguzi. Leo akina mama na bibi katika kaunti kame za Kenya wanagawiwa tepe na kupima watoto wao wenyewe, na naona hatua hiyo imefanya mengi kuliko magari mengi tuliyoyapeleka huko. Mama anamwona mtoto kila siku, ilhali timu ya uchunguzi huenda ikapita kijijini mara moja kwa msimu, tena ikiwa barabara inapitika.

Mtoto aliyeonekana ana utapiamlo mkali hupewa jaribio la hamu ya kula. Mama anakaa kivulini, ananawa mikono, anamnawisha mtoto, kisha anampa chakula dawa kidogo kidogo na maji safi ya kunywa pembeni, bila kumlazimisha. Akila vizuri na hana homa kali, kutapika mfululizo wala ulegevu, anarudi nyumbani na pakiti za wiki moja. Chakula dawa, ambacho wengi kaskazini mwa Kenya hukiita Plumpy hata kama si cha chapa hiyo, ni karanga zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Hakipikwi wala hakichanganywi na maji, ndiyo maana vijidudu havizaliani humo hata pasipo jokofu. Matibabu huchukua takribani wiki sita hadi nane. Kabla ya utaratibu huu kuidhinishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007, watoto hawa walilazwa wodini kwa majuma, na mama alilazimika kuchagua kati ya mgonjwa mmoja na wadogo wengine aliowaacha nyumbani.

Anayekataa kula, au mwenye maradhi mengine makali, ni lazima alazwe. Wodini ataanza na maziwa maalumu mepesi yaitwayo F-75, kiasi kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Jamaa wengi huona huo ni ubahili wa hospitali. Ukweli ni kwamba moyo, figo na ini la mtoto huyo vimepunguza kazi, na shibe ya ghafla inaweza kuvuruga chumvi za mwilini na kumuua siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo usimjaze ugali na nyama mtoto aliyekonda sana kwa kumhurumia. Mfunike apate joto, endelea kumnyonyesha, mlishe kidogo kidogo, na umfikishe kituoni. Akiharisha, usitegemee maji ya chumvi na sukari ya nyumbani peke yake, kwa kuwa mwili wake haustahimili chumvi nyingi.

Kuna malalamiko ya mara kwa mara kwamba pakiti za chakula dawa zinagawanywa kwa ndugu za mtoto au zinauzwa dukani. Ni kweli inatokea. Lakini mama mwenye watoto wanne wenye njaa na dawa ya mmoja hawezi kumlisha huyo mmoja huku wengine wanamkodolea macho. Mahali ambapo familia nzima imepata mgao wa unga, maharagwe na mafuta, au fedha za kununulia, pakiti hufika kinywani mwa aliyeandikiwa. Ndiyo sababu kupunguzwa kwa mgao huathiri pia matibabu: mwaka 2025, baada ya Marekani kukata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kakuma na Dadaab ulishuka hadi chini ya nusu ya kiwango kamili.

Wananchi wa ukanda huu si wachoyo. Harambee ya Kenyans for Kenya ya mwaka 2011 ilikusanya mamia ya mamilioni ya shilingi, zikiwamo za watu wa kipato cha chini waliotuma kwa simu. Kasoro ilikuwa tarehe: ilianza mwishoni mwa Julai. Mwenye jamaa Marsabit, Wajir au Lodwar humsaidia zaidi akituma fedha masika inapokosekana kwa mara ya kwanza, wakati mbuzi wa maziwa bado anaweza kununuliwa nyasi, kuliko akituma mara tatu yake mwaka unaofuata. Na wanaokusanya michango ya vitu waache kabisa maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Mahali pasipo maji safi wala kuni za kuchemshia, kopo humharisha mtoto na humpunguzia mama maziwa yake mwenyewe.

Mvua ikirudi, kamera huondoka na bajeti huanza kufungwa, ilhali miezi hiyo ina hatari zake. Mifugo dhaifu hufa kwa baridi ya mvua za kwanza, mbu huongezeka, na vyoo hufurika, kama ilivyotokea katika mafuriko ya El Niño ya Oktoba hadi Desemba 2023 kutoka bonde la Shabelle hadi Mandera, Garissa na Tana River. Maziwa nayo hayarudi pamoja na nyasi. Mnyama jike hupata nafuu kwanza ndipo apandwe. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa, ngamia zaidi ya mwaka mmoja. Familia iliyopoteza mifugo yake katika ukame uliokwisha 2023, ambao uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya, ilikuwa bado inawalisha watoto uji mtupu wakati vilima vyote vimekwisha kuwa kijani. Kamati za kaunti na wafadhili wanapoamua lini upimaji wa watoto usimamishwe, kipimo cha mvua hakiwatoshi. Waulize ni kaya ngapi kijijini zina mnyama anayekamwa, na kikombe cha jioni kinamfikia mtoto gani.