Ghala la maua ya Kitulo liko chini ya ardhi

Mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zimeshika, mzee mmoja wa Makete aliyewahi kuchimba chikanda, yaani viazi vya okidi vinavyoliwa, miaka ya nyuma alinipeleka pembeni ya shamba lake. Akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole kandokando ya okidi moja yenye maua ya waridi. Hakuing'oa, alitaka tu nione. Chini ya shina kulikuwa na viazi viwili vimeshikana. Kimoja kimesinyaa, cha kahawia, ukikibonyeza kinalegea kama kifuko kilichomwagwa unga. Cha pili kigumu, kimejaa, ukubwa wa kidole gumba.

"Hiki ni cha mwaka jana, kimeshaliwa," akaniambia. "Hiki kingine ndicho cha mwaka kesho." Kisha akarudishia udongo na kuushindilia kwa kiganja.

Nimekuwa nikieleza habari za mimea kwa wanafunzi na wakulima wa Mbeya kwa muda mrefu, na sijapata njia fupi kuliko ile ya kueleza jinsi uoto wa Nyanda zetu za Juu Kusini unavyohimili shida. Watu wakisikia mabadiliko ya tabianchi hutazama juu: mawingu, majani, maua. Mimi naomba leo tutazame chini.

Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya safu za Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na ndani yake kuna aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Anayefika mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukame, anaweza kudhani ameelekezwa vibaya. Nyasi zimekauka, asubuhi umande umeganda na kuwa jalidi, na hapa na pale pamepita moto. Ua hulioni. Lakini mimea haijafa, imeshuka ghalani.

Tuanzie kwenye jani. Jani lina vitundu vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Kupitia humo mmea huvuta hewa ukaa ya kutengenezea chakula, na kupitia humohumo hupoteza maji. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka ishara ya kikemikali juu, na vitundu vikafungwa. Maji yanaokolewa, ila jiko nalo limezimwa, kwa sababu hewa ukaa haiingii tena. Kuanzia hapo mmea unakula akiba, kama familia inayofungua kihenge mwezi wa kwanza. Uwezo wa kumaliza kiangazi unategemea kilichowekwa kwenye viazi, mizizi na mashina ya chini tangu masika.

Joto linaleta shida ambayo wengi hawaifikirii. Usiku mmea hautengenezi chakula, ila unaendelea kupumua, na kupumua kunatumia akiba. Usiku ukiwa wa baridi, matumizi huwa madogo. Usiku ukipata joto, matumizi hupanda. Mmea wa Kitulo umezoea usiku wa baridi kali. Ukiuongezea joto, hata bila kuupunguzia tone la mvua, ghala lake linapungua haraka zaidi. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba huku kwetu ongezeko la joto ni neema kwa sababu baridi itapungua. Kwa mahindi ya Makete huenda ni kweli. Kwa okidi na nyasi za uwandani hesabu ni nyingine.

Miti ya miombo huko chini, upande wa Chunya na maeneo mengi ya Iringa, inaishi kwa kanuni hiyohiyo. Mwezi wa tisa, jua likiwa kali na mvua ikiwa bado mbali, miyombo hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba. Wageni hushangaa maji yametoka wapi. Yametoka kwenye mizizi mirefu na akiba iliyomo shinani. Ukikata mti wa miombo na kuacha kisiki, mara nyingi kitachipua, maana mzizi uko hai na umeshiba. Ukiking'oa kwa ajili ya shamba la tumbaku, umeondoa kilichochukua miaka mingi kukua, na mbegu pekee haitakirudisha upesi.

Sasa rudi kwenye okidi ya yule mzee. Jalidi haikifikii kile kiazi cha pili kilicho chini. Moto unapita juu yake, ukame unakikuta kimelala. Kinachokifikia ni jembe. Mchimbaji hana haja na kiazi kilichosinyaa. Anachotaka ni kile kigumu, cha mwaka kesho, na ili akipate lazima ang'oe mmea mzima. Viazi hivyo husafirishwa hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na kupikwa mpaka vishikane, kisha hukatwa vipande kama nyama. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2003 waliona kwamba zaidi ya okidi milioni 2 zilikuwa zikiondoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Simlaumu mama aliyechimba ili alipe ada ya mtoto. Nasema tu kwamba hapo tunakula kiungo kilekile ambacho mmea ungekitumia kuvuka miaka migumu inayokuja.

Na kurudi ni kazi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane na aina ya kuvu inayoishi udongoni na kuilisha mwanzoni. Ukilima uwanda, unavuruga na kuvu hao.

Jambo jingine ni paini. Kuna fikra kwamba eneo la nyasi ni eneo tupu linalosubiri miti, na kwamba kila mti unaopandwa ni dawa ya tabianchi. Nyasi za milima yetu ni uoto kamili, wa kale, na kaboni yake kubwa imehifadhiwa udongoni. Paini ikipandwa juu yake huleta kivuli, na okidi na nyasi zinazotaka jua hufa polepole zikiwa zinatumia akiba bila kuijaza. Mbegu zake pia hupeperuka na kuota mbali na pale ulipopanda. Mimi ni mtetezi wa miti, ila nataka ipandwe palipokuwa na msitu ukaondolewa. Ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone, ni mahali ambapo mti wa asili unarudi kwao, na kipunji, yule kima aliyegunduliwa na sayansi mwaka 2003, anapata njia.

Njia ni neno muhimu. Ukipanda mlima, hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila mita 100. Kwa hiyo nyuzi moja ya joto inausukuma mmea utafute makazi mita 170 hivi juu zaidi. Joto la dunia limeshapanda zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19. Kilele cha Mtorwi kina mita 2,961, yaani mita 360 tu juu ya uwanda, na kadiri unavyopanda ardhi inazidi kuwa finyu. Tena mimea haihami kwa pamoja kama kijiji. Nyasi yenye mbegu nyepesi inatangulia na upepo, yenye kiazi kizito inabaki, na inayotegemea kuvu fulani inasubiri kuvu. Waliokuwa majirani wanatengana.

Kwa hiyo kwa aliye na shamba linalopakana na uwanda, ombi langu ni dogo na la msimu huu. Miche ya paini iliyojiotea kwenye nyasi ing'oeni sasa, udongo ukiwa laini, ikiwa bado inang'oka kwa mkono mmoja na kabla haijazaa koni. Kingo ya nyasi kati ya shamba na mto iacheni bila jembe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeshaweka mita 60. Kama mnachoma malisho, chomeni mapema baada ya mvua kuisha, moto ukiwa hafifu, na msirudie palepale kila mwaka. Na mtu akija kununua chikanda, mfukulieni mmea mmoja kama nilivyofukuliwa mimi, aone vile viazi viwili, kisha mrudishie udongo.