Bei ya kuprinti maktabani: kinachohesabiwa ni upande, si karatasi

Bei ya kuprinti maktabani hutajwa "kwa peji". Peji hapo ni upande mmoja uliochapwa. Printa ina kaunta yake ndani, inayoongeza moja kila upande unapochapwa, na malipo hufuata hesabu hiyo. Kwa hiyo karatasi moja iliyochapwa mbele na nyuma ni peji mbili. Wanafunzi wengi huchagua pande mbili wakitarajia kulipa nusu, kumbe kilichopungua ni karatasi tu. Tona, yaani wino wa unga wa printa, imetumika ileile. Anayetaka kupunguza bili aweke kurasa mbili kwenye upande mmoja. Slaidi za darasani husomeka hata zikiwa nne.

Rangi ndiyo huwaumiza wengi. Printa nyingi hazipimi rangi ni kiasi gani: nembo ndogo ya chuo au kiungo kimoja cha tovuti chenye rangi ya bluu hutosha kuifanya peji nzima kuwa ya rangi. Tuseme nyeusi ni shilingi 5 na rangi ni 20, na projekti yako ina peji 40 zenye picha nne tu. Kama kila peji ina nembo ya rangi na umetuma yote jinsi yalivyo, utalipa 800. Ukiprinti zote kwa nyeusi (200), kisha zile nne peke yake kwa rangi (80), ni 280. Nne za nyeusi unazitupa. Angalizo moja: unapoandika namba za kurasa unazotaka ziprintiwe, programu nyingi huhesabu kuanzia jalada. Ukurasa ulioandikwa 7 chini unaweza kuwa wa 11 kwenye faili.

Kiasi cha wino kwa kawaida hakiguswi kwenye bei, ingawa ndicho gharama ya maktaba. Makadirio ya kurasa kwenye katriji ya tona hufanywa kwa peji iliyofunikwa takriban asilimia 5, yaani maandishi ya kawaida. Slaidi yenye mandharinyuma meusi hula tona mara nyingi zaidi ya hiyo. Ndiyo maana wahudumu wengine huzikataa, na wana haki.

A3 ni A4 mbili kwa eneo, na mara nyingi huhesabiwa hivyo.

Faili ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, peji 40 zinaweza kuwa 43. Njoo na PDF, saizi ya A4. Ikiwa Letter (saizi ya karatasi ya Marekani), printa inaweza kusimama ikingoja karatasi isiyokuwepo. Ikisimama usibonyeze "print" tena. Kazi zote mbili hubaki kwenye foleni, na karatasi ikiwekwa zitatoka zote, nawe utadaiwa zote. Karatasi ikikwama, usiitupe iliyoharibika: mpelekee mhudumu aione kabla hujalipa, kwa sababu kaunta huenda imekwisha kuihesabu.