“Ikizidi Nitajua”: Dhana Potofu Kuhusu Mania

Alhamisi iliyopita niliisikia mara tatu katika kliniki moja. Watu watatu wasiojuana, wote wana baipola, ugonjwa unaompandisha mtu kwenye mania (nguvu na msisimko kupita kiasi) na kumshusha kwenye sonona (huzuni nzito), maneno yale yale: “Daktari, mimi naijua mania yangu. Ikizidi nitajua, nitameza dawa.” Yule wa tatu nilimjibu kwa ukali asioustahili, kwa hiyo acha niandike hapa nilichopaswa kumweleza taratibu.

Nianze kwa kukiri: mwanzo wa mania ni mtamu. Mtu ametoka kwenye sonona ya miezi mitatu, kuoga ni kazi, kupokea simu ni kazi. Halafu siku moja anaamka saa kumi alfajiri hana uchovu hata chembe, maneno yanamjia yenyewe, wateja wanampenda, njaa haisikii. Ukimwambia huo ni ugonjwa atadhani una wivu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Wengi wanaoacha dawa wakiwa na nafuu hawajasahau kumeza, wameikumbuka asali.

Utamu sibishani nao. Ninachobishana nacho ni hilo neno “nitajua”. Akili unayoitegemea ikuonye ndiyo inayougua, na uwezo wa kupima hatari huondoka mapema sana. Kadiri mania inavyopanda ndivyo mwenyewe anavyojiona mzima kuliko watu wote nyumbani. Mganga hajigangi.

Kuna fundi samani mmoja aliyeniruhusu nisimulie habari zake, nami nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha. Alikuja na daftari, anithibitishie kwamba dawa zimemnyima kipaji. Tukalifungua mezani. Ukurasa wa kwanza una kabati la kona, limechorwa kwa penseli na vipimo vyake vyote. Zuri kweli, ningelinunua. Wa nne una makabati sita na mishale inayokimbizana. Wa tisa hauna kabati lolote: ni hesabu za kontena za mbao, namba za simu, na jina la mbunge limepigiwa mstari hadi kalamu ikatoboa karatasi. Kufikia hapo alikuwa amepokea malipo ya awali ya vitanda kumi na vinne, ametengeneza viwili, pesa za chama zimeisha, na mikopo ya simu imemwingiza kwenye orodha ya wadaiwa sugu ya CRB.

Nikamuuliza, “Ilizidi wapi?” Akapekua, akaweka kidole ukurasa wa tisa. Mkewe, aliyekuwa amekaa kando na mkoba mapajani, hata hakulitazama daftari.

“Ukurasa wa kwanza, baba Brayo,” akasema. “Huo ulikuwa usiku wa pili hujalala.”

Kabati lenyewe alikuja kulitengeneza miezi saba baadaye, akiwa kwenye lithiamu, dawa ya kuzuia mania. Analalamika kwamba mkono ulimtetemeka kidogo akipiga msasa, na ni kweli, dawa hiyo hutetemesha mikono. Tulipunguza dozi kidogo, na kabati likauzwa.

Ndiyo maana nina wimbo wangu ambao wauguzi wetu wamechoka kuusikia: hesabu saa za usingizi, hisia ziache. Anayekosa usingizi kwa mawazo huamka amechoka. Anayepanda mania hulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka akitafuta kazi ya kufanya. Usiku wa kwanza weka alama kwenye kalenda. Wa pili piga simu kliniki, usingoje miadi. Na usijinyime usingizi mwenyewe kwa kukesha, kwa sababu kukosa usingizi kwenyewe huweza kuiwasha mania. Pia hupenda kuona taarifa ya M-Pesa. Mtu anayetuma pesa saa tisa usiku, siku nne mfululizo, ameshanieleza mengi kabla hajafungua mdomo. Ukiwa mzima, keti na mtu unayemwamini mwandike nani atashika kadi ya benki dalili zikianza, na nani ataruhusiwa kukuambia “twende hospitali” bila kutukanwa. Fundi wangu amemwandika mkewe, kwa shingo upande.

Mengine nitayapitia haraka.

“Mania ni furaha tupu.” Wengine hawaonji furaha yoyote, ni hasira, ugomvi na kondakta wa matatu kwa shilingi kumi, shuku. Wapo pia ambao mania na sonona huwapata kwa pamoja: nguvu za kukimbia na mawazo ya kufa. Hali hiyo, na ule mporomoko unaofuata mania mtu anapoamka na kuziona aibu na madeni, ni nyakati za hatari kubwa ya kujiua. Akianza kusema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

“Shemeji yangu ana baipola, asubuhi ananuna, mchana anacheka.” Huyo ana shemeji tu. Mania kamili hudumu wiki nzima au zaidi, isipokuwa imembidi mtu kulazwa mapema. Haipomania, yaani mania nyepesi, nayo huhitaji angalau siku nne mfululizo.

“Nipe dawa ya sonona tu, hiyo ya mania siihitaji.” Dawa ya sonona ikitumika peke yake kwa mwenye baipola inaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania. Usinunue kwenye duka la dawa mtaani kwa sababu jirani ilimfaa. Miraa na muguka navyo si vya mtu huyu, nishasema.

“Ni mapepo.” Ombeni. Sijawahi kumzuia mtu kuombewa. Vidonge navyo vimezeni.

“Lithiamu huua figo.” Hii ina chembe ya ukweli, na huwa nakasirika ikijibiwa kwa kuficha. Miaka ikipita inaweza kudhuru figo na tezi ya shingo, ndiyo sababu tunapima damu. Hatari ya haraka ni kiwango chake kupanda mwilini: unapohara, unapotapika, unapoacha chumvi ghafla, au unapojinunulia ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Ukitetemeka sana, ukapepesuka na kutapika, usimeze nyingine, nenda hospitali. Vinginevyo usiikatize kwa ghafla, maana mania hupenda kurudi miezi michache baada ya kuacha hivyo. Ukitaka kuacha, niambie tupunguze polepole.

Na siku ya kupima kiwango, damu hutolewa baada ya muda wa saa kumi na mbili tangu dozi ya mwisho. Ukimeza ya usiku saa tatu, fika maabara saa tatu asubuhi. Kama unameza na ya asubuhi, njoo nayo mfukoni. Utaimeza ukishatolewa damu.