Kilele kilichogoma kusogea

Wiki iliyopita nilipata grafu safi mno. Kwenye Geant4, programu ya kuiga safari za chembe ndani ya vitu, nilikuwa naiga chembe za alfa za ameriseamu-241, elementi yenye mionzi, zenye nishati ya keV (kiloelektronivolti) 5,486, zikigonga kigunduzi cha silikoni chenye unene wa mikromita 300. Nikakiinamisha nyuzi 20, kisha 45, kisha 60. Kilele cha grafu, kinachoonyesha nishati iliyopimwa, kikabaki palepale. Hapo nikajua nimeharibu mahali.

Maabara haikupi grafu kama hiyo. Uso wa kigunduzi una tabaka mfu, ngozi nyembamba ambamo alfa huacha nishati lakini chaji yake haikusanywi. Anayevuka barabara mshazari hutembea zaidi, na alfa nayo vivyo hivyo: gawanya unene wa tabaka kwa kosini ya pembe, ukiihesabu wima kuwa sifuri, upate urefu wa njia. Katika silikoni, alfa hii hupoteza takriban keV 137 kwa kila mikromita. Tabaka la mikromita 0.1 likipitiwa wima hula kama keV 14. Kwa nyuzi 60 njia inakuwa maradufu, na hasara pia.

Kosa langu lilikuwa la kijinga. Nilijumlisha nishati yote iliyoachwa kwenye silikoni, na tabaka mfu nalo ni silikoni! Alfa husimama kabla ya kufika mikromita 30, basi hesabu ikatoka kamili kwa kila pembe. Nikalitenga tabaka liwe kipande chake kisichohesabiwa, kilele kikaanza kuteremka.

Nyuzi 60 naipenda kwa sababu moja: tofauti kati yake na sifuri ni sawasawa na hasara ya wima. Ipime, gawanya kwa 137, unene wa tabaka huo hapo. Ila geuza kigunduzi, usiguse chanzo cha alfa, maana chanzo nacho kina ngozi yake. Na hewa uitoe kwanza. Sentimita nne hivi zinatosha kuisimamisha alfa kabisa.

Kinachonisumbua sasa ni upana wa miale. Chembe zikitawanyika nyuzi 5 kila upande, kwenye wima huoni kitu. Kwenye 60, zile za 55 hupita unene mara 1.74, za 65 mara 2.37. Kilele kinanenepa, tena upande mmoja zaidi. Kwa hiyo kitundu cha kuchuja miale nimekiingiza kwenye uigaji kwa vipimo vyake halisi, na leo usiku kompyuta inakesha.