Mtoto njiti: "Atapona, daktari?"

Mtoto wa wiki 27 ana uzito wa karibu kilo moja. Ngozi yake ni laini na nyembamba, mishipa ya damu unaiona kama imechorwa kwa wino, na kiganja chake kizima kinatosha tu kushika ncha ya kidole cha mama yake. Mama akiletwa wodini kwa kiti cha magurudumu, haulizi mashine ile ni ya nini wala mrija ule unakwenda wapi. Anauliza neno moja: "Atapona?"

Sisi tunaohudumia watoto hawa hatuna jibu la neno moja. Jibu lenyewe lipo, ila ni refu, na mzazi ana haki ya kupewa lote.

Mimba hutimia kuanzia wiki 37. Anayezaliwa kabla ya hapo ni njiti, na duniani kote ni karibu mtoto mmoja kati ya kila 10. Wengi wao huzaliwa wiki za mwishomwisho na hawahitaji msaada mkubwa. Wasiwasi wetu uko kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32, na zaidi kwa wale wa chini ya 28.

Wiki moja tumboni ni mtaji mkubwa. Kwa makadirio ya madaktari wa Uingereza ya mwaka 2019, watoto wa wiki 22 wanaopewa matibabu ya wagonjwa mahututi hupona 3 kati ya 10. Wa wiki 24 hupona 6, na wa wiki 26 hupona 8. Hapo kila kifaa kipo. Katika nchi maskini zaidi, watoto wa chini ya wiki 28 hufariki zaidi ya 9 kati ya 10, wengi ndani ya siku chache tu. Mtoto ni yuleyule, mapafu ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kilichokuwa kinamsubiri, na hili ndilo ninaloomba kila familia ilijue kabla ya siku yenyewe.

Tuanze na mapafu. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa ambavyo vinahitaji utelezi maalumu ili visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Utelezi huo huitwa safaktanti, na njiti huzaliwa akiwa nao kidogo au hana kabisa. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani alionyesha mwaka 1959 kwamba upungufu huu ndio uliokuwa ukiwamaliza watoto. Miaka minne baadaye Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy, alifariki kwa tatizo hilohilo akiwa na umri wa siku mbili. Ikulu nzima haikuwa na la kufanya. Leo tunaweza kuingiza safaktanti kwenye mapafu, na tunazo mashine zinazosukuma hewa taratibu puani ili vifuko vibaki wazi.

Msaada mkubwa zaidi, hata hivyo, huanza mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kwamba sindano za steroidi kwa mama mwenye uchungu wa mapema hukomaza mapafu ya mtoto. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikipata walau siku moja kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo mjamzito ambaye tumbo linakaza na kuachia mara kwa mara, au anayeona maji au damu, asingoje kupambazuke. Saa hizo anazosubiri nyumbani ndizo saa za dawa. Akifika mapema, anaweza pia kupewa magnesiamu, inayolinda ubongo wa mtoto, na kuhamishiwa penye kitengo cha watoto wachanga. Njiti husafiri salama zaidi akiwa ndani ya mama yake kuliko ndani ya gari la wagonjwa.

Kisha kuna kifua cha mama. Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na Daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyozidiwa na watoto. Mtoto huvuliwa, hubakishwa na nepi na kofia, hulazwa wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kitambaa. Wengi wetu tulifundishwa kusubiri mpaka mtoto atulie kwanza. Tulikosea. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo, kwa watoto wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Nimeona mtoto aliyekuwa akisahau kupumua kila baada ya dakika chache, nesi akimgusagusa unyayo ili avute pumzi, akitulia baada ya kulazwa pale kifuani. Baba naye anaweza kumbeba, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa, hata matone machache kwa mrija, humkinga na ugonjwa hatari wa utumbo.

Kupona ni nusu ya swali. Kwa makadirio yaleyale ya Uingereza, kati ya wanaopona, ulemavu mkubwa huwapata mmoja kati ya 3 wa wiki 22, mmoja kati ya 7 wa wiki 24 na mmoja kati ya 10 wa wiki 26. Wengine hubaki na kifua dhaifu au ugumu wa kujifunza unaojitokeza shuleni.

Ukimpima maendeleo, toa wiki alizowahi. Aliyewahi miezi mitatu, akifikisha miezi tisa mtazame kama wa miezi sita. Na usikose kliniki ya macho. Mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuota vibaya kwa njiti na kumpofusha kimyakimya, huku macho yakionekana mazima. Kipimo cha kwanza kwa wengi ni wiki ya nne tangu kuzaliwa, hata kama mmesharuhusiwa kwenda nyumbani na mtoto ananyonya vizuri. Kabla ya kutoka wodini, hakikisha tarehe hiyo imeandikwa kwenye kadi yake.