Kreni ya uokoaji inapoacha reli: tuanze kwenye springi

Kreni ya uokoaji, ile ya reli inayonyanyua mabehewa yaliyoanguka, ikiacha reli, lawama ya kwanza humwangukia dereva: alikimbiza. Mimi ni fundi wa reli hapa Dodoma, na kwa hizi kreni kongwe swali la mwendo naliweka nyuma. La kwanza ni hili: springi zililegezwa?

Kreni inaponyanyua behewa hatutaki iyumbe. Ndiyo maana nyingi za zamani zina skrubu au kabari za kuzibana springi, mzigo ukae moja kwa moja juu ya ekseli. Kazi ikiisha, lazima zifunguliwe kabla ya safari. Lakini kazi hizi huisha usiku wa manane, watu wamechoka, na treni zinasubiri njia ifunguliwe. Kabari moja ikisahaulika, kreni inasafiri kama meza ya miguu minne kwenye sakafu ya udongo: mguu mmoja unaelea. Gurudumu linaloelea likisukumwa na kona, ukingo wake unaolizuia lisitoke hupanda juu ya reli.

Na njia yetu ina mitihani yake. Reli ya Kati, yenye geji (upana kati ya reli mbili) ya mita 1, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1914, kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la Mto Mkondoa, na mafuriko yameshalila tuta lake mara nyingi. Ukitoka Dodoma kwenda Bahi unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Juu ya udongo wa namna hiyo mataruma, yaani mihimili ya kulala inayobeba reli, huanza kuning'inia. Njia ikiwa tupu reli inaonekana sawa kabisa. Uzito ukipita, upande mmoja unazama. Kwa hiyo msokoto wa njia, yaani reli moja kupanda au kushuka kuliko mwenzake, upimwe njia ikiwa imebeba mzigo.

Hata njia isiyo na kasoro ina msokoto wa makusudi. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa, kisha hushushwa taratibu kona inapoisha, na hapo gurudumu la mbele la upande wa nje hupungukiwa uzito. Kreni ikitambaa kwenye kona iliyoinuliwa sana, uzito hulalia reli ya ndani na gurudumu hilo linazidi kuwa jepesi. Basi mwendo mdogo pekee haumwokoi mtu. Reli ikiwa kavu, bila grisi, kupanda ni rahisi zaidi.

Yapo na mengine: mkono wa kreni usiokaa katikati, au uliofungwa kwa nguvu kwenye behewa linaloubeba hadi ukashindwa kufuata kona, uzani wa nyuma ulioachwa bila kushushwa pale ilipotakiwa ushushwe.

Ukifika eneo la ajali, kabla watu hawajaanza kukanyaga, inama utazame kichwa cha reli. Gurudumu lililopanda huacha mstari mwembamba, wa mshazari, kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje; mbele yake utaona mataruma yaliyogongwa. Mstari usipokuwepo na magurudumu yametumbukia kati ya reli mbili, kagua kama geji imepanuka. Piga picha ya alama, weka rula kando yake. Halafu nenda kwenye kreni ukahesabu kabari, moja baada ya nyingine, kabla mtu hajazigusa.

Ningependa kreni isipewe ruhusa ya kuondoka mpaka fundi aliyezilegeza kabari atie saini, na dereva akazione kwa macho yake.