Usijipange Kwanza

Jumanne jioni, stejini Kayole, kijana wa bodaboda aliyekuwa akinibeba karibu kila siku aliniambia, "Pasta, kuokoka nitaokoka tu. Wacha kwanza nijipange." Nimechunga watu mitaa ya Eastlands miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia matangani, wodini, hata mlangoni pa baa. Safari hii yalinichoma.

Kujipanga, kwa maelezo yake, ni kupunguza pombe, kulipa deni la simu, kuachana na mpango wa kando. Akishakuwa msafi ndipo amwendee Yesu. Jamani! Stima ikipotea kwenye ploti, nani hupiga deki gizani ili ikirudi ikute pasafi?

Someni Luka 19 bila kuruka mstari. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, yuko juu ya mkuyu, mali ya watu ingali kwake, naye Yesu anamwambia, "Shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Ahadi ya kuwarudishia mara nne aliowadhulumu ilikuja baadaye, mgeni akiwa amekwisha kukaribishwa. Ukipindua mfuatano huo, hakuna injili iliyobaki. Toba ni kugeuka. Matunda yake hufuata.

Tena lugha yetu yenyewe hutuponza. Tunasema "nimeokoka". Mtu huokoka ajalini: matatu imebingirika, yeye katoka mzima. Kitenzi hicho hakitaji aliyemtoa, na mtu anaweza kukitamka miaka 20 akiamini moyoni kwamba alijitoa mwenyewe kwa bidii yake. Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani", na hapo hakuna pa kukwepea: aliyeokolewa ana mwokozi. Sikatazi kuokoka. Mlinzi wa gereza kule Filipi aliambiwa na wafungwa wake, Paulo na Sila, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka." Lakini mtazameni alivyokuwa. Muda mfupi kabla ya hapo ameshika upanga ajiue, wafungwa aliowafunga migongo yao ina majeraha ya viboko, na usiku uleule anabatizwa. Alijipanga saa ngapi huyo?

Wanaodhani aliyeokoka hatendi dhambi tena nao wamepotea njia ileile, na wamejaa makanisani mwetu. Wakianguka wanajificha, wanaimba kwa sauti zaidi. Wazee wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu, na kama uliiba kitu, kukirudisha kwa mwenyewe. Nuru kwao ilikuwa kuacha kujificha. Yohana anaandika kwamba tukienenda nuruni, damu ya Yesu "yatusafisha dhambi yote". Yatusafisha! Hakusema ilitusafisha siku ile ya kuinua mkono ibadani kuokoka, ikaishia hapo. Na mstari unaofuata, anayesema hana dhambi ameambiwa anajidanganya. (Simwambii mtu apande jukwaani na maikrofoni. Ndugu mmoja au wawili wanaojua kutunza siri wanatosha.)

Mimi pia nina mashaka yangu. Nimeona mlevi akiombewa Jumapili, Jumatatu hana hata hamu ya pombe. Nimeona mwingine, ambaye imani yake naiheshimu kuliko yangu, akipigana na chupa miaka 9. Nilimpeleka kwa mshauri, nikampeleka hospitalini, na bado tunaomba naye. Kwa nini yule na si huyu? Nimemuuliza Mungu mara nyingi. Na mikono inapoinuka ibadani, naihesabu nikiogopa kuiita mavuno.

Haya yote nilimweleza yule kijana, kwa haraka, kofia yake ya pikipiki ikiwa kwapani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikianguka tena, pasta?"

Nikamwambia, "Utakuja ulivyoanguka, kijana wangu. Hivyohivyo."

Abiria akafika, akawasha pikipiki. Tangu siku hiyo sijamwona, na kila jioni nikishuka pale namtafuta kwa macho.